Katamarani Ndogo Yaingia Maji ya Kilifi kwa Mara ya Kwanza

Anayenunua katamarani ndogo, yaani chombo cha matanga chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa ubavu kwa ubavu, huwa amekwisha kuvutiwa na mbio zake, na kwa hiyo jambo la kwanza analotamani akiingia baharini ni kukimbia. Mimi nilishikilia kwamba siku ya kwanza ina kazi nyingine kabisa, nayo ni kujua chombo kinageukaje, kinasimamaje na, kikilala ubavu, kinainuliwaje. Mbio hazihitaji kufundishwa, kwa sababu chombo chenyewe kimeundwa ili kikimbie hata nahodha wake asipojua anachokifanya, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya kwa kirefu, maana kila aliyesikia habari ya katamarani yangu ameniuliza inakwenda kasi gani, na hakuna aliyeniuliza inageuka vipi.

Chombo hiki ni Hobie 16, mojawapo ya katamarani za ufukweni zilizoenea zaidi duniani. Aina hii ilibuniwa na Hobie Alter, fundi wa California aliyejulikana kwanza kwa kutengeneza mbao za kutelezea juu ya mawimbi, naye aliitoa muda mfupi baada ya katamarani yake iliyo ndogo zaidi, Hobie 14, iliyoingia sokoni mwaka 1968. Urefu wake ni mita 5.04, upana mita 2.41, uzito kilo 145 hivi, na mlingoti wake unapita mita 8. Matanga yake mawili, kubwa na dogo, yana jumla ya mita za mraba 20 hivi. Mtu anayejua vyombo akiyaweka pamoja hayo matanga na huo uzito, ataelewa mara moja kwa nini nasema mbio hazihitaji kufundishwa.

Mitumbwi yake miwili haina mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, wala ubao wa kushushwa majini, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea mashua za kawaida huonekana kama upungufu. Siri imo katika umbo la mitumbwi yenyewe, kwani ubavu wa nje umenyooka na wa ndani umebinuka, hivyo mtumbwi wa upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ukizamishwa kidogo na nguvu za upepo, hukivuta chombo kuelekea joshini, upande upepo unakotoka, na kukizuia kisiserereke kwa ubavu. Wazo hili halikuanzia California. Huko Hawaii, mwaka 1947, Woody Brown na wenzake walikwisha kushusha majini katamarani iliyoitwa Manu Kai yenye mitumbwi ya namna hiyo, naye Brown alikuwa amevutiwa na vyombo vya watu wa Pasifiki. Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii kwa karibu, kwa maana watafiti wengi huyahusisha matengo ya ngalawa zetu, yaani vielea vyake vya pembeni, na wasafiri wa jamii hiyohiyo ya lugha za Austronesia, waliovuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska. Kwa hiyo mjomba wangu, aliyevua kwa ngalawa kutoka Takaungu tangu ujana wake, alipokizunguka chombo hiki kikiwa bado juu ya trela na kusema kwamba ni ngalawa iliyonyang'anywa tumbo ikaachiwa matengo, hakuwa mbali na ukweli.

Nilikinunua kwa mkono wa pili kusini ya Mombasa, na kwa kuwa lengo langu lilikuwa kukiweka Kilifi, ilibidi kivutwe kwa barabara, kivushwe Likoni kwa feri, kipite katikati ya jiji na Daraja la Nyali, kisha msongamano wa Mtwapa. Faida ya katamarani ya namna hii ni kwamba haipanuki kuliko lori, basi inaweza kuvutwa ikiwa nzima, bila kuitenganisha mitumbwi. Mlingoti ndio unaotaka uangalifu, kwa sababu ni mrefu kuliko chombo kwa mita tatu nzima, na lazima ulazwe juu ya kiegemeo mbele na nyuma, ufungwe kwa mikanda, na ncha inayochomoza nyuma ifungiwe kitambaa chekundu. Sukani mbili na kana zake, yaani mikono ya kuzigeuzia, nilizivua na kuzitia ndani ya gari, na ulikuwa uamuzi mzuri, kwa kuwa pale feri inapokutana na ukingo wa gati pana mteremko ambao ungezifanya zikwaruze lami. Beringi za magurudumu ya trela zilijazwa grisi kabla ya safari. Trela la chombo cha baharini huzeeka mapema kuliko chombo chenyewe, kwa sababu kila linaposhushwa ufukweni chumvi huingia mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kabla ya kusimika mlingoti, kuna jambo moja ambalo nisingependa msomaji alipite haraka, nalo ni nyaya za umeme. Mlingoti huu ni wa alumini, na ukisimama juu ya mitumbwi iliyo juu ya trela, ncha yake hufika mahali ambapo nyaya nyingi za mitaani hupita. Ajali za umeme zilizowahi kuwapata watu wenye katamarani za aina hii huko Marekani ndizo zilizosababisha watengenezaji, tangu miaka ya 1980, kuweka sehemu ya juu ya mlingoti iliyo ya faibaglasi isiyopitisha umeme. Hiyo ni kinga ya nusu tu, kwani sehemu ya chini bado ni alumini, na zile waya zinazoushikilia mlingoti ni za chuma. Tulitembea kwa miguu kutoka mahali pa kusimika mlingoti mpaka majini, macho yakiwa juu, ndipo tukakubaliana kwamba njia ni salama.

Kuusimika wenyewe ni kazi ya watu wawili wenye kusikilizana. Kitako chake huingizwa katika kikalio kilicho kwenye boriti ya mbele na kupigiliwa pini ya muda ili kisichomoke, waya za pembeni hufungwa kwanza, kisha mmoja akisimama juu ya turubai lililotandazwa kati ya mitumbwi hunyanyua mlingoti kwa mabega huku mwenzake akivuta waya wa mbele, na mara unapofika wima huyu wa mbele hana ruhusa ya kufikiria jambo jingine lolote mpaka waya huo uwe umefungwa. Mjomba alikuwa upande huo wa mbele. Amesimika milingoti ya mikoko kwa miaka mingi na hakuhitaji kuambiwa, ila alilalamika kwamba chombo chepesi kiasi hiki kina waya na pini nyingi kama jahazi. Pini ndogo zote tulizizungushia utepe, kwa sababu demani, jina ambalo pia ni la kamba ya kuongozea tanga, ikipigapiga katika upepo inaweza kuichomoa pini isiyozuiwa, na pini moja ikitoka mlingoti unalala majini.

Baada ya hapo kazi huwa nyepesi. Fito za tanga kuu huingizwa mifukoni mwake na kukazwa kiasi cha kuondoa mikunjo tu, jarari, kamba ya kupandishia tanga, huvutwa mpaka pete ya juu ikamate ndoano yake, na kule nyuma ya kila mtumbwi hukazwa kizibo cha tundu la kutolea maji. Ninavitaja vizibo hivi kwa makusudi, maana ni vidogo, vya plastiki, na vikisahaulika mtumbwi huanza kunywa maji bila kelele yoyote.

Kuhusu siku na saa, nilikuwa na msimamo ambao rafiki zangu waliuona ni wa woga. Tulichagua mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na kusi bado haijaanza, tena siku za maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo, na si za bamvua, kwa sababu katika bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu au zaidi, na maji yote hayo katika hori la Kilifi, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lazima yapite katika mlango mmoja mwembamba. Halafu tulitaka yawe maji ya kujaa. Mlango wa hori unaelekea mashariki, baharini, na kaskazi nayo hutoka huko huko upande wa kaskazini-mashariki, basi maji yakijaa, upepo na mkondo kwa pamoja huelekea ndani, ambako kuna eneo pana lililozungukwa na nchi kavu. Kitu kikikatika, chombo kitaelea kuelekea nyumbani. Maji yakipwa, mambo hugeuka, kwa kuwa mkondo hukuvuta kuelekea kwenye mwamba na mawimbi hali upepo unakupinga, na chombo kisicho na kina cha kuyashika maji hakina hoja ya kujitetea. Tuliungoja pia umande wa alfajiri, yaani upepo wa kutoka nchi kavu, ukate, upepo wa baharini utulie mahali pake, na ilipofika karibu saa nne asubuhi maji yalikuwa yamefunika mchanga wa kutosha.

Kusukuma katamarani majini kunahitaji ielekezwe upepo unakotoka, matanga yakiwa yameachiliwa yapepee, la sivyo huanza safari kabla ya wenyewe kupanda. Ikishaelea huhitaji kina kidogo sana, karibu sentimita 25 tu wakati sukani zimeinuliwa, na hili ni miongoni mwa mambo yanayonifanya niamini kwamba chombo hiki kinafaa pwani yetu kuliko mashua nyingi za starehe zenye mkuku. Sukani zina ufyatuo unaoziruhusu kuinuka zikigonga mchanga, na kitu cha kwanza tulichokijaribu, tukiwa bado ndani ya maji ya kiunoni, ni kama ufyatuo huo unafanya kazi kwa pande zote mbili. Wa kushoto ulikuwa mgumu kwa chumvi ya zamani. Tuliulainisha papo hapo kwa kuuchezesha mara kadhaa, ndipo nikaingia upande wa kana na mjomba akashika demani ya tanga dogo. Rafiki yetu mwenye boti ya injini alikuwa akituzunguka kwa mbali, na sote tulikuwa tumevaa majaketi ya kuokolea.

Upepo ulikuwa hafifu, wa kutosha tu kuyajaza matanga bila kuunyanyua mtumbwi wa joshini. Tulielekea upande wa Mnarani, ambako magofu ya mji wa kale yako juu ya jabali la kusini, na kwa dakika chache za mwanzo niliyaruhusu macho yangu yaone jinsi maji yanavyokimbia chini ya turubai. Hatimaye ukafika wakati wa kubisha, yaani kugeuka dhidi ya upepo, na hapo ndipo tofauti kati ya ngalawa na katamarani ilipojionyesha wazi.

Mtu wa ngalawa, akitaka kuupeleka upepo upande wa pili, kwa kawaida huzunguka kwa kuupitisha upepo nyuma yake na kulipindua tanga na foromali yake, ile boriti inayolishikilia kwa juu, upande mwingine wa mlingoti. Ni njia ndefu kidogo lakini ya uhakika. Katamarani inatakiwa kugeuka kwa kuipitisha omo, yaani sehemu yake ya mbele, katikati ya upepo, na tatizo lake ni kwamba, kwa kuwa ni nyepesi, haina mwendo wa akiba. Inapoelekea upepo hupoteza kasi mara moja, na mitumbwi yake miwili mirefu, iliyoachana kwa zaidi ya mita mbili, haipendi kuzunguka mahali pamoja. Matokeo yake ni chombo kusimama matanga yakipiga makofi, omo ikitazama upepo, bila kwenda huku wala kule, kisha kuanza kurudi kinyumenyume.

Dawa yake ni utaratibu, na utaratibu huo hauna nafasi ya pupa. Kwanza chombo kiwe kinakwenda kwa nguvu, kimeshika joshi barabara. Kana isukumwe polepole na kwa mfululizo, kwa sababu sukani zikigeuzwa ghafla huwa breki. Uzito wa watu urudi nyuma kidogo ili omo ziinuke na chombo kizungukie tezi, yaani sehemu yake ya nyuma. Demani ya tanga kuu ilegezwe mara omo inapopita katikati ya upepo, lakini ile ya tanga dogo isiachiliwe kwanza. Iachwe palepale ilipokuwa, tanga lishikwe na upepo kwa mgongo wake na kuisukuma omo upande mpya, na ikishapita ndipo lihamishwe. Mjomba, ambaye hakuwahi kuwa na tanga la mbele katika ngalawa yake, ndiye aliyeukamata wakati wa kulihamisha upesi kuliko mimi nilivyoikamata kana. Alisema anaisikia kamba ikikaza na kulegea mkononi, na hakuwa akitazama juu hata kidogo.

Tulifanya hivyo mara nyingi, tukivuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Chombo kilipogoma katikati, tulijifunza pia kukitoa: tanga kuu linasukumwa nje kwa mkono ili upepo ukirudishe chombo nyuma, na sukani zinageuzwa kinyume cha kawaida kwa kuwa maji sasa yanatokea nyuma, mpaka omo ianguke upande unaotakiwa. Ni ujanja wenye manufaa zaidi kuliko mbinu yoyote ya kuongeza kasi, na ningemshauri kila mwenye katamarani mpya aufanyie mazoezi kwa makusudi, si kuungoja umkute mbele ya miamba. Njia ya mjomba ya kuzunguka kwa upepo wa nyuma nayo tuliijaribu, na katika upepo ule hafifu ilikuwa rahisi na ya haraka kuliko kubisha. Katika upepo mkali nisingeitegemea bila mazoezi mengi, kwa maana boriti ya chini ya tanga kuu hupita chini sana juu ya turubai, na hupita kwa kishindo.

Kilichobaki kilikuwa kukilaza ubavu. Wengi hulikwepa jambo hili siku ya kwanza, wakiona ni mkosi, nami naona mkosi hasa ni kulifahamu kwa mara ya kwanza mahali pasipo na mtu. Tulikwenda mahali penye kina cha kutosha ili, chombo kikigeuka juu chini, ncha ya mlingoti isizame matopeni, tukaketi sote upande wa demani, tukaivuta kamba ya tanga kuu, na baada ya ukaidi wa muda kikakubali kulala. Mlingoti umezibwa usiingie maji, basi hulala juu ya maji kwa muda, ila muda huo si wa kuuchezea.

Jambo la kwanza hapo ni kutokiachia chombo. Katamarani iliyolala huwa na turubai lililosimama wima kama tanga jingine, na upepo huisukuma kwa kasi ambayo muogeleaji haifikii. La pili ni kulegeza demani zote, kwa sababu matanga yaliyofungwa yatakipindua tena mara kinaposimama. Kisha mmoja husogea karibu na omo ya mtumbwi ulio majini ili uzito wake uizamishe kidogo na sehemu ya nyuma izungushwe na upepo, mpaka omo itazame upepo unakotoka. Mwisho kamba ya kuinulia hupitishwa juu ya mtumbwi ulio hewani, na watu wote wawili huegemea nyuma miguu ikiwa imekanyaga mtumbwi wa chini, migongo karibu iguse maji. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha ncha ya mlingoti hutoka majini kidogo, upepo huingia chini ya tanga, na kuanzia hapo kila kitu huwa haraka kuliko unavyotaka, kwani ule mtumbwi wa juu huteremka kwa uzito wake wote, nawe unatakiwa uwe umekwisha kuikamata boriti ya mbele kabla chombo hakijaanza safari nyingine. Uzito wa mtu mmoja wa wastani hautoshi kwa kazi hii, na hiyo ni sababu yangu ya kutotoka na chombo hiki peke yangu, hata siku ambazo upepo unaonekana kama hauna neno.

Kuelekea adhuhuri upepo uliongezeka, nasi tukauruhusu utupe kile kila mtu anachoniuliza. Upepo ukija kwa ubavu, mtumbwi wa joshini ulianza kupunguza maji, ukagusagusa uso wa bahari, kisha ukatoka. Katika hali hiyo hatari si kulala ubavu peke yake. Omo ya mtumbwi wa demani ni nyembamba, na ikichimba wimbi wakati chombo kinakimbia, tezi huinuka na chombo hupinduka kwa mbele. Kwa hiyo watu hurudi nyuma kadiri wanavyoweza na mkono ulioshika kamba ya tanga hubaki tayari kulegeza. Mjomba alikwisha kurudi nyuma kabla sijamwambia, akaniuliza kwa utulivu kama bado ninaiona ile omo, kwa kuwa yeye alikuwa haioni tena. Nililegeza, ikaonekana.

Kurudi ufukweni hakukuwa na mengi ya kusimulia. Sukani ziliinuliwa, tanga kuu likashushwa tukiwa bado tunaelea, na chombo kikavutwa juu ya trela kwa mikono. Vizibo vya nyuma vilipofunguliwa, mtumbwi wa kulia ulitoa maji kiasi cha vikombe viwili au vitatu, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa chombo chenye umri huu, ilhali wa kushoto ulitoa zaidi, na baada ya kuusugua na kuutazama kwa makini tumeshuku ufa mwembamba pale boriti ya nyuma inapoingia. Utakaushwa, usuguliwe kwa msasa na kupakwa faibaglasi kabla ya safari nyingine. Kila kitu kilioshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kapi na beringi za trela zikiwa za kwanza.

Mjomba naye ana madai yake. Anataka kasia moja ifungwe chini ya turubai na nanga ndogo yenye kamba ndefu itafutiwe mahali pake, kwa sababu, anasema, hajawahi kuona chombo kinachotoka bila kitu cha kukisimamisha upepo ukikata. Katamarani hii haina sehemu iliyotengwa kwa nanga, na kila mahali nilipopafikiria panazuia miguu au kamba. Kasia tumekwisha kuipata. Nanga bado tunabishania, na mpaka hapo tutakapokubaliana hatutatoka nje ya mlango wa hori.